Vipande Vitatu Mezani: Kusafisha Shotigani Nyumbani

Marehemu baba yangu alikuwa na shotigani ya mitutu miwili, yenye kibali, kwa ajili ya nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mihogo yetu upande wa Pangani. Aliipiga labda mara sita kwa mwaka. Alipougua, ilikaa miezi mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi wenye bitana ya sufu, katika kabati lililopakana na ukuta wa upande wa bahari. Siku tulipoitoa ili ikabidhiwe polisi, mtutu wa kulia ulikuwa umejaa vishimo vya kutu kuanzia mdomoni hadi katikati. Hakuna aliyeigusa wala kuipiga muda wote huo. Iliozea mfukoni, ndani ya nyumba ya watu walioamini kwamba wanaitunza.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu mwenye kibali halali na bunduki ya aina ile: shotigani ya kukunja, geji 12, iwe mitutu yake imelala sambamba au umepanda mmoja juu ya mwingine. Ndiyo bunduki ya mkulima. Ziko za zamani zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, na ziko Baikal za Izhevsk, Urusi, na nyingine nyingi, lakini karibu zote zinafunguka kwa namna moja na kutoa vipande vitatu: mitutu, kishikio cha mbele, na kitako pamoja na mtambo wake. Vipande vitatu hivyo vinatosha. Sitakufundisha kufungua skrubu hata moja, na sababu nitaieleza.

Neno moja kwanza kuhusu anayefanya kazi hii. Kibali kina jina la mtu mmoja. Kwa Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayejibu mbele ya sheria ni yule mwenye jina. Kazi ya kusafisha hatumwi kijana wa shamba, wala mtoto wa kaka aliyekuja likizo, hata akiwa hodari kiasi gani.

Mahali pa kufanyia kazi pachaguliwe kwa uangalifu. Barazani hapafai. Baraza ni pa watu wote, na kila apitaye njiani atajua nyumba hii ina bunduki. Baada ya wiki moja mtaa mzima utajua, na mwizi naye ni mtu wa mtaa. Chumba chenye dirisha la kuelekea uani ni bora, mchana, mlango umefungwa, simu imezimwa. Usifanye usiku kwa kutegemea umeme. Jiko liwe mbali, kwa sababu mafuta ya taa yatakuwa wazi mezani. Tandika gazeti, na juu yake shuka kuukuu ya rangi nyeupe, ili kipande kidogo kikidondoka ukione.

Sasa risasi. Neno "haina kitu" limeua watu wengi, na mara nyingi lilisemwa kwa moyo mweupe kabisa na mtu aliyeitoa risasi jana yake na kusahau kwamba mwingine aliirudisha. Kwa hiyo usikumbuke, tazama. Elekeza mitutu mahali ambapo hata ikilipuka haitamfikia mtu: ardhini penye udongo, au ukuta mnene wa mawe ambao nyuma yake hakuna chumba. Kidole kiwe nje kabisa ya kifyatulio. Sukuma kile kipini cha juu, kilichoko kwenye shingo ya kitako, kwa dole gumba, mitutu itainama. Toa kilichomo. Kisha chungulia chemba zote mbili, halafu uingize ncha ya kidole chako kidogo katika kila moja. Jicho hudanganywa na kivuli, na ganda jeusi ndani ya chemba nyeusi huweza kupita bila kuonekana. Kidole hakidanganyiki.

Risasi zote, zile ulizotoa na zile zilizobaki kwenye boksi, zipelekwe chumba kingine na kufungiwa. Zisiwe hata kwenye kona ya meza ileile. Nasisitiza hili kwa sababu kazi ikiisha mikono huwa na shauku ya kujaribu kama kila kitu kinafanya kazi, na shauku hiyo ikikutana na risasi iliyo karibu, mambo huharibika kwa sekunde moja. Ukiondoka mezani hata kwenda kunywa maji, ukirudi anza upya: fungua, tazama, gusa.

Baada ya hapo ndipo unaitenganisha bunduki. Funga mitutu kwanza. Chini ya kishikio cha mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika, kuna kitufe au kiwiko kidogo cha chuma. Kivute au ukibonyeze, na ubao huo utaachia ukielekea mbele. Uweke kando. Sukuma tena kipini cha juu, mkono mwingine ukiwa umeshika mitutu kwa uthabiti, iinamishe, na kulabu iliyo chini yake itajitoa kwenye pini ya bawaba. Ni hayo tu. Bunduki ikikataa, usiilazimishe wala usichukue nyundo. Mara nyingi ni grisi iliyoganda kwenye bawaba, na tone la mafuta likiachwa nusu saa humaliza ubishi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1875 mafundi wawili wa kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, Anson na Deeley, walisajili mtambo ambao uzito wa mitutu inapoinama ndio unaokoki nyundo zilizofichwa ndani. Shotigani nyingi za mitutu miwili hadi leo zinafuata wazo hilo. Maana yake ni kwamba ukishaitoa mitutu, nyundo ndani ya mtambo bado zimekokiwa. Ukivuta kifyatulio wakati huo, zitaanguka bure, pini zinazogonga fataki zinaweza kuumia, na kurudisha mitutu mahali pake itakuwa vita. Ubao wa kitako unaweza kupasuka katika vita hiyo. Kwa hiyo mtambo ukishakuwa peke yake, ulaze chali na uuache.

Na skrubu zile za chini ya mtambo? Usiziguse. Vichwa vyake vina mfereji mwembamba kuliko bisibisi yoyote ya dukani, na bisibisi isiyolingana huitafuna skrubu mara ya kwanza tu. Ndani kuna springi zenye nguvu za kumtoa mtu jicho. Kama mtambo umeingiwa na maji au mchanga, upeleke kwa fundi bunduki aliyeidhinishwa, na hata bila hivyo, kila baada ya miaka mitatu au mitano kwa bunduki ya shambani. Niliwahi kuona shotigani iliyofunguliwa na fundi wa baiskeli. Kila kitu kilirudishwa ila usalama wake, sefti, ambayo tangu siku hiyo ilikuwa inateleza yenyewe. Mwenyewe aligundua kwa bahati.

Kabla ya kulowesha chochote, shika mitutu na uchungulie ndani kutoka upande wa chemba, ukielekeza mdomo kwenye mwanga wa dirisha, si kwenye jua. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayookoa maisha. Tafuta vizuizi. Huku kwetu nyigu wajengao kwa udongo hawajali kama tundu ni la mwanzi au la bunduki. Ndani ya siku chache huweza kuuziba mtutu kwa donge gumu kama tofali. Risasi ikipigwa nyuma ya donge hilo, gesi hukosa njia na mtutu hupasuka, mara nyingi karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji. Matope, pamba iliyobaki baada ya kusafisha, kizibo cha plastiki cha risasi dhaifu, vyote vinafanya kazi ileile ya nyigu. Na kuna kizuizi kibaya kuliko vyote: risasi ya geji 20 iliyoingizwa kwa makosa kwenye mtutu wa geji 12. Huteleza mbele ya chemba na kukwama, mtu akidhani chemba iko tupu anaweka ya 12 nyuma yake. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huipa geji 20 ganda la njano. Usikubali geji mbili zikae boksi moja.

Ukiona kivuli cha duara kama pete ndani ya mtutu, hapo chuma kimevimba. Ukiona kibonyeo, mtutu uliwahi kugongwa. Vyote viwili ni vya fundi, na bunduki hiyo isipigwe hadi ameiona. Kipimo kingine cha zamani ni sauti: ining'inize mitutu kwa kulabu yake kwenye kidole na uigonge taratibu kwa kijiti. Mitutu iliyoungana vizuri hulia kama kengele ndogo. Ikitoa sauti ya kukwaruza au ya chungu kilichopasuka, ule utepe wa chuma unaoiunganisha umeanza kuachia.

Vifaa havihitaji duka la mbali. Unahitaji ufito wa kusafishia, ule ambao wazee waliuita mdeki, wa mbao au shaba au alumini. Ufito wa chuma ngumu huukwaruza mtutu. Brashi ya shaba ya geji 12, ambayo imetengenezwa kwa tundu la milimita 18.5. Kwa anayeuliza namba 12 ilitoka wapi: ni hesabu ya zamani, kwamba ratili moja ya risasi ikigawanywa kuwa goroli kumi na mbili, kila goroli hutosha tundu hilo. Ongeza mswaki kuukuu, vijiti vya mianzi vile vya mishikaki kwa ajili ya kona, na vitambaa vya pamba. Kanga iliyochakaa ni bora kuliko vitambaa vingi vya kununua, kwa sababu imefuliwa mara mia na haitoi nyuzi. Glavu za duka la dawa pia, na sababu nayo inakuja.

Mafuta ya taa ndiyo ya kuoshea. Petroli usiguse: mvuke wake hutafuta moto chumba kizima. Lowesha brashi, iingize kutoka chemba na isukume hadi itoke mdomoni kabisa ndipo uirudishe. Ukiigeuza katikati ya mtutu nyuzi zake hujikunja na kukwama. Mara kumi kwa kila mtutu zinatosha. Kisha iache mitutu ikiwa imelowa kwa dakika kumi na tano na ushughulike na kitu kingine, kwa sababu mafuta yanafanya kazi ambayo nguvu za mkono haziwezi. Utakachokiondoa ni cha aina tatu: masizi ya baruti, ambayo ni mepesi, utando wa plastiki kutoka kwenye kikombe kinachobeba marisawa, wa kijivu kama nta, na michirizi ya madini ya risasi, inayong'aa, hasa mbele tu ya chemba na pale mtutu unapobana karibu na mdomo. Huo wa mwisho ndio mkaidi. Rudi na brashi, kisha pitisha vitambaa hadi kitambaa kitoke cheupe. Chemba zenyewe usizisahau, maana ganda linalokwama baada ya kupigwa mara nyingi limekwamishwa na uchafu wa chemba. Mswaki upite pia chini ya kile kipande kinachosukuma maganda nje.

Lugha yetu imeweka onyo ndani ya neno: risasi ni ile inayopigwa, na risasi ni madini yenyewe yenye sumu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Masizi yaliyo kwenye vitambaa vyako yanayo. Vaa glavu, usile wala kuvuta sigara mezani, nawa kwa sabuni na maji baridi ukimaliza, na vitambaa hivyo visifuliwe katika beseni la nguo za mtoto. Vitupe. Marehemu baba alikuwa akinywa chai huku akisafisha, na sisi watoto tukimshikia vitambaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Wenye magobore yaliyoruhusiwa wana njia yao, na hawapaswi kufuata ya juu. Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na makaa, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi bali hubaki kama chumvichumvi na majivu. Chumvi hizo hunywa unyevu wa hewa, na usiku mmoja wa Kilwa au Mafia unatosha kuanzisha kutu. Mafuta ya taa hayayeyushi chumvi, maji yanayeyusha. Gobore huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni, mara mbili tatu, kisha maji safi ya moto ambayo yanaacha chuma kikiwa na joto la kujikausha chenyewe, halafu mafuta mara moja. Lakini gobore halikunjwi uone ndani. Kwa hiyo kabla ya kuliosha hakikisha hakuna fataki pale nyundo inapoangukia, kisha teremsha mdeki taratibu, ukisimama kando ya mdomo, uweke alama ya kidole pale mdeki unapotokeza, uutoe na uulaze nje ya mtutu. Kama ncha haifiki mwisho wa mtutu, ndani kuna kitu. Usikichokoe. Liache likielekea mahali salama, watu waondoke chumbani, na uwaite polisi.

Turudi kwa shotigani. Ikishakuwa safi na kavu, swali ni la mafuta, na hapa ndipo majumba yetu yanapokosea zaidi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi yakikaa. Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana Pwani, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtu wa Tanga akihamia Njombe na bunduki yake atakuta mtambo umelala usingizi. Oili chafu ya gari imebeba asidi na unga wa chuma. Mafuta ya cherehani, yale ya chupa ndogo yanayouzwa kila gulio, ni mepesi, ya madini, hayagandi wala hayanati, na kwa bunduki ya nyumbani yanatosha kabisa. WD-40 ni nzuri kwa kufukuza maji bunduki ikinyeshewa, ila ni nyembamba mno kulinda kwa miezi.

Weka kidogo. Kitambaa chenye unyevu wa mafuta kipite ndani ya mitutu na juu ya chuma chote, na kisiache tone. Pini ya bawaba na kulabu ndizo pekee zinazotaka grisi, kiasi cha punje ya mchele, kwa sababu hapo chuma hubeba uzito wa chuma. Mtambo wenyewe, tone moja tu pale kipini cha juu kinapozungukia. Ukimimina, mafuta hushuka ndani ya ubao wa kitako na kuulainisha hadi uwe kama muhogo uliooza, na siku moja utapasuka shingoni.

Kama kuna kutu nje, jambo la kwanza ni kuuacha mkono na kuitazama. Ile rangi nyeusi yenye ubuluu ya mitutu nayo ni aina ya kutu, iliyopikwa kwa makusudi na fundi ili izuie kutu nyekundu. Ukitumia stili waya ya kusugulia masufuria, ndimu, siki au msasa, utaondoa adui na mlinzi pamoja. Paka mafuta, iache ikeshe, kisha sugua taratibu kwa sufi ya chuma ile laini kabisa, namba 0000, ikiwa imelowa mafuta. Kinachotoka kitoke, kinachobaki kikae. Na usisugue kamwe mahali penye namba ya bunduki na mihuri. Namba iliyofutika, hata kwa nia njema, itakuletea maswali ambayo hutaweza kuyajibu kituoni.

Kitako cha mti kipanguswe jasho, na mara moja kwa mwaka kipakwe mafuta ya kitani kidogo sana kwa kiganja. Kitambaa cha mafuta hayo kisikunjwe na kutupwa kwenye ndoo ya taka: yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze uani hadi kikauke.

Kuunganisha ni kurudi njia uliyokuja: kulabu kwenye bawaba, funga mitutu polepole huku dole gumba likiwa juu ya kipini, kishikio cha mbele kiingie kwa mlio mdogo. Usiifunge kwa kishindo kama wanavyofanya kwenye filamu. Usivute kifyatulio kwenye chemba tupu. Anayetaka kulegeza springi atumie risasi bandia za kazi hiyo.

Ihifadhi bunduki nje ya mfuko wake. Ngozi, sufu na sifongo hunywa unyevu na kuukumbatisha chuma. Mfuko ni wa safari tu. Kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa kwingine, na bunduki isimame mdomo chini juu ya kipande cha kitambaa, ili mafuta yaliyozidi yashukie mdomoni badala ya kuingia kwenye ubao. Vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, vinasaidia kidogo, lakini havimalizi masika. Kuanzia Machi hadi Mei mimi ningefungua kabati kila wiki mbili, na miezi mingine mara moja kwa mwezi. Siku ya kwenda shambani, kitambaa kikavu kipite kwanza ndani ya mitutu kuondoa mafuta, kisha uchungulie tena kama kuna nyigu.

Katika kila ukaguzi pitisha kitambaa cheupe kimoja nje na ndani. Kikitoka na rangi ya chai, futa, paka upya, na urudi baada ya siku tatu. Kikitoka hivyo tena, usiongeze mafuta. Gusa ukuta nyuma ya kabati. Kama una ubaridi wa maji, hamisha kabati.